Kliniki ya ngozi iliyonitibu fangasi wa kucha, Mwanza

Kazi yangu ni kupara na kupasua sato kwa wateja wa Kirumba, na kwa hiyo mikono yangu hushinda majini tangu alfajiri. Mwaka jana kucha tatu za mkono wa kulia ziligeuka njano, zikawa nene, zikaanza kubanduka upande mmoja, na ngozi iliyozizunguka ikavimba na kuuma kila nilipogusa chumvi. Wateja wawili waliacha kuja. Sikuwalaumu, kwa kuwa mtu ana haki ya kutazama mikono inayomshikia chakula chake.

Kabla ya kufika kwenye kliniki ninayoieleza hapa, duka moja la dawa liliniuzia griseofulvini bila kunichunguza, nikaimeza kwa miezi minne pasipo nafuu yoyote. Sababu yake niliijua baadaye: dawa hiyo huwaweza fangasi wanaoleta mapunye na choa, lakini haiwadhuru kandida, ambao ni fangasi wa jamii ya hamira na ndio hupenda sana mikono isiyokauka.

Sifa kubwa ya kliniki hii ndogo, iliyo karibu na barabara ya Makongoro, ni kwamba haitoi dawa kabla ya kupima. Daktari alikata sehemu iliyobanduka, akakwangua unga uliokuwa chini ya kucha, na mtaalamu wa maabara akauweka kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha chembe za kucha ili fangasi waonekane vizuri kwa darubini. Majibu yalitoka siku hiyohiyo: kandida. Nilielezwa pia kwamba kucha nyingi zilizoharibika hazina fangasi kabisa, kwani soriasi, yaani ugonjwa wa ngozi usiotokana na fangasi, au kuumia kwa muda mrefu huweza kuleta sura ileile, na anayemeza vidonge kwa kukisia hujitesa bure.

Niliandikiwa itrakonazoli, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa siku 7, kisha mapumziko ya wiki tatu, kisha siku 7 nyingine, kwa maelezo kwamba dawa hubaki ndani ya kucha hata baada ya kuacha kuimeza. Kwanza, hata hivyo, walinichukua damu kupima ini, wakaniuliza kama nina ugonjwa wa moyo na ni dawa gani nyingine ninazotumia. Swali hilo la mwisho lilinisaidia sana. Nilikuwa natumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nami sikujua kwamba vidonge vya itrakonazoli huhitaji asidi hiyo ili vifyonzwe. Daktari aliisimamisha kwa siku za matibabu na kuniagiza nivimeze mara baada ya kula.

Anayetaka kupona upesi ajue kwamba hakuna upesi hapa. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na ile iliyoharibika haigeuki kuwa nzima, bali husukumwa mbele na mpya kwa muda wa miezi 6 hivi. Yangu ya shahada na ya kati zimekwisha kuwa safi; ya gumba imebakiza ukingo mdogo. Navaa glovu za pamba ndani ya glovu za mpira ninapopara, na naamini bila hizo ugonjwa ungerudi.

Nina malalamiko mawili. Vipimo vya kucha hufanywa siku mbili tu kwa wiki, jambo ambalo ni zito kwa mgonjwa aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe na kuambiwa arudi. Tena karatasi ya maelekezo imechapwa kwa Kiingereza, ilhali ratiba ya dawa hii ni rahisi kuichanganya. Nilipomweleza muuguzi, aliniandikia yote kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ileile, kwa mkono, siku kwa siku, na bado nimeibandika ukutani juu ya beseni la samaki.