Huduma ya wakili aliyemtetea mdogo wangu, Dar es Salaam

Nimefuatana kwa miezi 14 na wakili wa utetezi wa kesi za jinai mwenye ofisi ndogo ghorofa ya pili huko Kariakoo, mama ambaye ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Simtaji jina kwa sababu yeye mwenyewe ameniomba nisimtaje, lakini huduma yake nimeona ni haki niieleze.

Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kwa sheria zetu halina dhamana na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kabla ya kumfikia mama huyu, familia ilikuwa imekwisha kupoteza shilingi 800,000 kwa mtu aliyejiita wakili, kumbe kishoka, ambaye mahakamani hakukanyaga hata siku moja. Nasisitiza jambo hili kwa uchungu: jina la wakili yeyote linahakikiwa bure katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, nasi hatukulijua hilo mpaka fedha zilipokwisha kuliwa.

Siku ya kwanza mama wakili hakuanza na ada. Alisoma hati ya mashtaka mara mbili, kimya, kisha akamuuliza shemeji yangu tukio linadaiwa kutokea saa ngapi, na alipojibiwa kuwa ni saa 3 usiku, akaandika pembeni kwa penseli neno moja: "taa?" Usiku wa Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe mahali pa tukio akiwa na kijana wake wa ofisini, akahesabu hatua kutoka kwenye taa ya kibanda cha chipsi hadi pale mlalamikaji aliposema alivamiwa. Zilikuwa hatua 31.

Kesi iliahirishwa kila baada ya siku 14 kwa muda wa miezi 7, sababu ikiwa ni ileile kwamba upelelezi haujakamilika, na katika kipindi hicho alikwenda rumande kumwona mteja wake mara nyingi kuliko baadhi yetu ndugu wa damu. Ushahidi ulipoanza kusikilizwa ndipo nilipoelewa maana ya lile neno la penseli. Alimhoji mlalamikaji maswali ya dodoso, yale ya kuupima ushahidi wa upande wa pili, kwa sauti ya upole, bila kumdhalilisha hata kidogo, kwa kuwa, kama alivyotueleza baadaye, yule naye aliibiwa kweli. Alimuuliza taa ilikuwa wapi, ilikuwa na mwanga kiasi gani, alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kama aliwahi kumwona kabla ya siku ile, na alieleza mtu huyo ana wajihi gani alipofika kituo cha polisi. Katika hoja zake aliiegemea kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, ambamo Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Hakimu aliamua kwamba mdogo wangu hana kesi ya kujibu, yaani ushahidi haukutosha hata kumtaka ajitetee, akaachiwa.

Ada ilikuwa shilingi 3,500,000, tukalipa kwa awamu 4, na kila awamu ilikuwa na risiti yake. Kwa familia ya kawaida si fedha ndogo, ila hatukuombwa hata shilingi nje ya mkataba.

Kasoro ninayoiona ni simu. Hapokei akiwa mahakamani, na jioni hupokea kwa bahati. Mara mbili tulikwenda mahakamani bila kujua kwamba angemtuma wakili kijana badala yake. Kijana yule alikuwa amejiandaa vizuri, lakini mtu mwenye ndugu rumande huhitaji kuambiwa mapema.

Jumamosi mbili kila mwezi huketi bila malipo katika ofisi ya serikali ya mtaa huko Mbagala, pamoja na wasaidizi wa kisheria anaowafundisha, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nilikwenda mara moja kumshukuru, nikabaki hadi saa 8 mchana. Aliwaeleza madereva wa bodaboda kwamba aliyekamatwa anahesabika hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo, kwa Ibara ya 13 ya Katiba. Kwamba ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili kabla ya kuandikwa maelezo ya onyo, yale anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Na kwamba asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. Bibi mmoja alikuwa na karatasi za mjukuu wake ndani ya mfuko wa rambo, zimelowa pembeni. Mama wakili alizitandaza mezani moja moja, akazikandamiza kwa kitambaa chake mpaka zikakauka, ndipo akaanza kusoma.

Anayemhitaji aende ofisini kabla ya saa 2 asubuhi, akiwa na nakala ya hati ya mashtaka na tarehe ya kutajwa kwa kesi.