TASAF haitoi nyumba ila paa la mama limetoka humo humo (uzoefu wangu, Newala)

Habarini ndugu zangu, naandika hii kwa sababu kila nikishuka Newala mjini lazima nikutane na mtu ananiuliza eti serikali inajengea kaya maskini nyumba, fomu zinachukuliwa wapi. Fomu ya nyumba hakuna. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ipo tangu 2000, huu mpango wa kunusuru kaya maskini ukaja na awamu ya tatu 2012, na wanachotoa ni ruzuku ya hela kila baada ya miezi miwili, pamoja na ajira za muda na kuwaunganisha watu kwenye vikundi vya akiba. Zile nyumba za Msomera kule Handeni mlizoziona kwenye TV ni za waliohama Ngorongoro, hilo ni jambo lingine kabisa, msichanganye.

Mlengwa ni mama yangu, mimi na wanangu tupo kwenye kaya yake kwa hiyo nayajua mambo yote kwa ndani. Kuingia kwenyewe kunaanzia mkutano wa kijiji, watu wanatajana pale pale hadharani nani hali yake ngumu, na kwa kweli inauma kukaa unasikiliza watu wanaulizana kama mama yako ni maskini wa kutosha au la. Alafu wanakuja nyumbani na dodoso, wanauliza mnakula mara ngapi, wanaangalia paa, ukuta, sakafu, choo, usiku mnawasha nini. Kwetu paa lilikuwa nyasi, kuta fito na udongo, fito zimeliwa na mchwa mpaka ukigonga unasikia patupu.

Hela yenyewe niseme ukweli, ni ndogo, na kila kaya inapata chake kutegemea na watoto na hali ilivyo. Watoto wakubwa lazima wahudhurie shule angalau asilimia 80, wadogo wapelekwe kliniki, usipofanya hivyo wanakata. Ikishaingia kwenye simu ya mama kwanza unga, kisha daftari, kisha sabuni, na hapo imeisha. Kwa hiyo mtu akikwambia alijenga kwa ile ruzuku peke yake muulize vizuri. Sisi kilichotubeba ni kikundi cha hisa, kila wiki mama anapeleka kidogo, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa kwa mtu mwingine, halifunguliwi mpaka wote watatu wapo. Zikija ajira za muda, ambazo mpango unaweka mpaka siku 60 kwa mwaka, mimi ndo naenda na jembe kwenye barabara ya kijiji, na ile hela ya kazi mama alikataa kabisa isiguswe kwa chakula. Msimu wa korosho naongezea na vibarua vya kuokota. Mwisho wa mzunguko kikundi kikavunja, yaani kikagawana akiba, tukapata kitu cha kushika.

Tukaanza na tofali za kuchoma kwa sababu hakuna maana ya kuweka bati juu ya fito zilizooza. Kuta zilisimama masika nzima bila paa, tumezifunika juu na nyasi za zamani, majirani wanapita wanasikitika. Bati tulikuwa tunanunua machache machache tunayaweka chini ya kitanda cha mama, na hapa naomba msome vizuri. Kuna duka moja tulilipia geji 30 tukaletewa geji 32, na geji (kipimo cha unene wa bati) kadri namba inavyokuwa kubwa ndo bati linakuwa jembamba. Fundi wetu ndo aliligundua kabla hata ya kupiga msumari, alilibonyeza na kidole gumba katikati ya mgongo likabonyea na likabaki hivyo hivyo, akasema hili upepo wa hapa juu utalichana. Tukayarudisha yote kwa boda, mwenye duka akagoma, tukakaa pale mlangoni na risiti mpaka akabadilisha. Kwa hiyo dai risiti iliyoandikwa geji, na soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe kabla hujalipakia. Pia bajeti yako isiishie kwenye mabati, maana papi na kenchi (mbao za paa), kofia (bati la kufunika mgongo wa paa) na misumari vinakula hela kuliko unavyodhani.

Sasa kitu ambacho mtu wa Lindi mjini au Mikindani hawezi kukielewa haraka. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto wala kisima cha kuchimba ukapata maji karibu, maji ya mradi yanasukumwa na pampu kutoka Mitema kule bondeni, na sisi tulio mbali na bomba tunanunua kwa ndoo au tunaamka alfajiri. Paa la nyasi maji yake ni meusi na yana harufu, hayanyweki. Bati unafunga gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa), unachimba shimo uwanjani unalisakafia na simenti, unaweka mfuniko, mvua ikishuka Desemba unakinga. Mvua za mwanzo tunaziacha zioshe paa kwanza, vumbi na majani ya mikorosho vitoke, ndo tunaelekeza bomba la gata shimoni. Mama yangu amebeba maji kichwani tangu akiwa mwali, mwaka huu amepika na kufua wiki nyingi za masika bila kutoka nje ya uwanja wake! Mimi nikiangalia hilo naona kwetu bati ni maji kwanza, kuzuia kuvuja kunafuata.

Kitu kinachoniumiza ni maneno yanayozunguka vijijini kwamba ukiezeka bati tu unafutwa. Nimeona wazee wanakaa chini ya nyasi zinazovuja, sufuria zimepangwa sakafuni kukinga matone, na bati wanazo ndani, wanaogopa. Ni kweli kuna tathmini na kaya ambazo hali imenyanyuka zinahitimu, yaani zinatolewa, mpango umewekwa hivyo, hautakiwi kuwa wa milele. Lakini mzee kulala amelowa ili aendelee kupokea ruzuku ya miezi miwili, hapana jamani, paa lina faida kubwa kuliko hiyo hela. Mama yetu yupo bado, na hata wakija kumhitimisha kesho maji yake na paa lake haviondoki.

Mpango huu naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa sababu naona ingekuwa rahisi sana kama ajira za muda zingeruhusu kikundi kizima kuchimbiana mashimo ya maji majumbani, maana nguvu kazi tunayo na kinachotushinda ni simenti. Kama uko Tandahimba au Newala na unapanga kuezeka, nunua mabati Julai Agosti kabla hela za korosho hazijaingia mtaani, zikishaingia mafundi wote wanakuwa bize na bei inapanda.