PADD ya Star Trek: Kishikwambi Kizuri Kilichotumiwa Kama Karatasi

Watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina nakala ya PADD, kile kibao chembamba cha kompyuta ambacho maafisa wa chombo cha anga katika tamthilia ya Star Trek: The Next Generation walikuwa nacho mkononi tangu tamthilia hiyo ilipoanza kurushwa mwaka 1987. Umbo lake mnalijua, hivyo sitalirudia, ila uso wake bapa unanifurahisha kila ninapoushika. Michael Okuda, aliyebuni michoro ya skrini za tamthilia hiyo, ameeleza kwamba ubapa huo ulichangiwa na ufinyu wa bajeti, kwa kuwa kuchapa mchoro kwenye plastiki na kuumulika kwa nyuma kulikuwa nafuu kuliko kujaza swichi na taa halisi. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la vitufe vinavyojipanga upya kulingana na kazi, wazo ambalo iPad ya mwaka 2010 iliuzwa nalo Marekani kwa bei ya kuanzia dola 499.

Sasa tuje kwenye kinachonikera, nacho ndicho kilichonifanya nirekodi video hii. Tazameni hapa: naweka kibao cha kwanza mbele ya kamera, tuseme ni ripoti ya mitambo. Afisa anaingia kwa nahodha Picard, anamkabidhi, nahodha anaisoma na kuiweka mezani. Akija mwingine na orodha ya zamu, analeta kibao kingine, nami nakiweka juu ya kile cha kwanza. Katika tamthilia zilizofuata mtaona hata meza zilizorundikwa vibao hivi, kila kimoja na waraka wake, ilhali kompyuta ya chombo inajibu swali lolote ikiulizwa kwa sauti! Simu yangu hii, ambayo si ya gharama kubwa, inabeba ripoti zote hizo na bado ina nafasi ya picha za familia nzima.

Hata hivyo, kadiri ninavyozirudia sehemu hizo, ndivyo ninavyowaelewa watayarishaji. Ujumbe unaotumwa kimyakimya kutoka skrini hadi skrini hauna cha kuonyesha kwenye runinga, lakini kibao kinachopita mkono kwa mkono kinamwonyesha mtazamaji nani ameleta taarifa na nani anabeba uamuzi. Naikubali sababu hiyo, ingawa bado naamini kibao kimoja kingetosha kupokezana.

Mshindani wake ninayemheshimu zaidi ni kile kifaa kiitwacho Global katika tamthilia ya Earth: Final Conflict, iliyoanza mwaka 1997. Skrini yake inavutwa kutoka ubavuni, mtu anazungumza na mwenzake huku wakionana, kisha anaifunga na kuitia mfukoni. Huyo aliyebuni Global alifikiria mtu anayetembea, ilhali PADD ilimfikiria mtu aliyekaa ofisini.

Kuhusu bei, nakala za PADD zinazouzwa mtandaoni ni ghali mno kwa plastiki isiyowaka, hivyo anayetaka pambo la rafu anunue moja tu. Wiki ijayo nitachambua tricorder, kifaa cha mkononi cha kupimia katika Star Trek, kwa hiyo jiandikisheni na mniandikie ni tukio gani mngependa nilionyeshe.