Mistari ya maegesho: upake mwenyewe au uite mafundi?

Kwa gharama, kupaka mwenyewe kunashinda mapema. Ua wa magari manne unataka rangi ya barabarani, rola, selotepu ya karatasi, futikamba na uzi uliopakwa chaki. Kila gari lipe mita 2.5 kwa 5.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi, na hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mimi nilifagia tu, nikapaka. Vumbi lilibaki kwenye vijishimo vya lami, na masika ilipopita rangi ikabanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Osha, acha pakauke kabisa, doa la oili lisugue kwa sabuni. Lami mpya isubiri wiki kadhaa.

Kwa uimara, mafundi wako mbele, hasa wakija na rangi ya kuyeyushwa kwa moto, takriban nyuzi 200, inayonyunyiziwa chembe za kioo ili ing'ae ikimulikwa na taa za gari. Hiyo usiijaribu nyumbani, inaunguza vibaya. Ila ikichakaa itabidi uwaite tena, wakati ile ya rola unairudia Jumamosi moja asubuhi.

Ua wa familia, paka mwenyewe. Kama ni zahanati au duka ambako magari hayakatiki, tafuta mafundi, na wapime mbele yako kabla kopo halijafunguliwa.