Karakana ya Msamvu na gavana ya pampu yangu: tathmini ya huduma

Kwa mwenye pampu ya maji, jenereta au mashine yoyote inayoendeshwa na injini ndogo ya petroli, kipimo kizuri cha fundi ni namna anavyoirudisha kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, baada ya kuifungua. Kuifungua ni kazi rahisi na kuisafisha si kazi ngumu, lakini fimbo na springi zinazoiunganisha na gavana, yaani kidhibiti kasi cha injini, ndizo zinazoonyesha kama fundi anaielewa injini au anabahatisha. Kwa kipimo hicho, karakana ndogo ya Msamvu, mjini Morogoro, niliyoipelekea pampu yangu ya inchi 3 yenye injini ya Honda GX160, inastahili sifa ambazo karakana nyingi hazistahili.

Pampu ilifika pale ikiwa imeshapita katika mikono ya fundi mwingine, ambaye aliisafisha kabureta vizuri ila alipoirudisha akaiacha nje springi nyembamba inayokaa sambamba na fimbo ya gavana, na ile springi kubwa, ambayo kulabu yake ilikuwa imekatika, akaifunga kwa waya wa kufungia nondo. Tangu hapo injini ikawa inapanda na kushuka bila kutulia, maji yakitoka kwa nguvu kisha yakilegea, na bustani ya nyanya haimwagiliwi sawasawa kwa mtindo huo.

Fundi wa Msamvu hakukimbilia kuvuta kamba ya kuwashia. Alitoa kwanza kasha la filta ya hewa, akausogeza mkono wa gavana kwa kidole huku akiangalia kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya kuingilia injini, kisha akaniambia: "Mzee, hii ukiiwasha hivi ikapata resi, unaweza kupoteza injini nzima." Alinieleza kwamba ndani ya injini kuna vipande vya uzito ambavyo hutanuka kadiri mzunguko unavyoongezeka, navyo huusukuma mkono wa gavana ili ukifunge kipepeo, wakati springi kubwa inavuta upande wa pili ili kipepeo kifunguke. Kwa hiyo fimbo ikichomoka hakuna tena cha kuizuia injini, na konrodi ya GX160 (mkono wa ndani unaoshikilia pistoni), ambayo ni ya aluminiamu, inaweza kukatika na kuitoboa bloku, yaani mwili wa injini. Springi nyembamba huondoa ulegevu uliopo kwenye matundu ya fimbo, na isipokuwepo kipepeo huchezacheza.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utulivu ulionifurahisha. Aliivuta kabureta ikatoka kwenye boliti zake mbili ndefu, akailaza upande, akaingiza ncha iliyopinda ya fimbo kwenye tundu la kipepeo kwa kuizungusha kabureta badala ya kuipinda fimbo, akaichomeka springi nyembamba kwa koleo ya mdomo mrefu, na ndipo akairudisha kabureta mahali pake pamoja na gasketi mpya na kile kipande kinachozuia joto la injini lisiifikie. Niliona mafundi wengine wakiikunja fimbo ili iingie kwa urahisi, na fimbo iliyokunjwa hubadilisha urefu wake, maana yake hata ukifuata vipimo vyote gavana haitakaa sawa.

Baada ya hapo alilegeza nati ya mkono wa gavana, akausukuma mkono mpaka kipepeo kikafunguka chote, akaushika hapo, akaizungusha shafti ya gavana kuelekea upande uleule mpaka ilipogota, kisha akakaza nati. Hatua hii huchukua muda mfupi sana, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Alipowasha, alitumia kipimo cha mizunguko, hakutegemea masikio. Nguvu ya injini hii hupimwa kiwandani kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na bila mzigo huzunguka juu kidogo ya hapo, kwa hiyo alirekebisha skrubu ya kikomo cha kasi mpaka akaridhika. Mteja aliyekuwepo na jenereta aliomba awekewe kiasi hichohicho, akakataliwa kwa sababu sahihi kabisa: jenereta za aina yake huhitaji mizunguko 3,000 ili zitoe umeme wa hezi 50.

Malipo ya ufundi yalikuwa shilingi 20,000, mbali na vifaa, nami nayaona ni ya haki. Injini sasa inasimama kwenye mwendo mmoja; ukifungua bomba la pili inanguruma kidogo kisha inarudi palepale, kama gavana inavyotakiwa kufanya.

Kasoro zipo. Karakana haina akiba ya vipuri, hivyo springi zote mbili nilizitafuta mwenyewe madukani, na mteja asiyejua anaweza kuuziwa springi inayofanana kwa umbo lakini ngumu kuliko inayotakiwa, ambayo huipandisha injini kupita kiasi. Nashauri uende na ile ya zamani mkononi, hata kama imekatika. Vilevile hutapewa risiti wala maandishi ya kazi iliyofanyika. Nilipoomba niliandikiwa kwenye kipande cha boksi. Fundi wa kiwango hiki anapaswa kuwa na kitabu cha risiti, na ningependa aandike humo mizunguko aliyoipima kwa kila injini, ili mwenye mashine ajue ilitoka karakanani ikiwa katika hali gani.