Kambi ya "maisha baada ya maangamizi" kule Rungwe: walivyomfukuza bibi wa watu

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikisema itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kambi yenyewe wengi mmeiona ikitangazwa. Unalala siku chache pembeni mwa msitu wa Mlima Rungwe, unaambiwa uko miaka elfu kadhaa mbele, miji imekufa, umeme umebaki hadithi, na ninyi wachache mliosalia mjifunze upya kuishi na ardhi bila kupigana nayo. Jina la waandaaji silitaji, wakisoma watajijua. Bei na vitu vya kubeba viko kwenye tangazo lao, sina muda navyo.

Wazo nililipenda na bado nalipenda. Nafundisha jiografia sekondari hapa Mbeya, na kila kidato kikifika kwenye volkano nawaambia wanafunzi kwamba maangamizi kwetu si kitu cha kubuni. Rungwe huu huu tunaouona umejifunika mawingu ulilipuka kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe na majivu mbali sana, hadi kwenye tope la chini ya Ziwa Nyasa tabaka lake limekutwa. Kiejo, jirani yake, ulitoa lava kama miaka 200 tu iliyopita, na wazee wa Kinyakyusa wamerithishana habari zake. Yale mawe ya Rungwe ukiokota moja utashangaa, limejaa vitundu na mkononi halina uzito. Juu ya mawe hayo leo kuna migomba, chai na viazi. Kwa hiyo mtu akiniambia njoo tujifunze kuishi baada ya dunia kuharibika, na darasa liko Rungwe, nalipa bila kuuliza mara mbili.

Kiongozi wa kambi hakugusa hata moja ya hayo. Alitusomea kwenye simu hadithi ya mabomu na ugonjwa ulioanzia huko mbali, hadithi ambayo ungeweza kuisoma ukiwa Dodoma au Tanga bila kubadilisha neno. Nikanyamaza. Nikasema labda mazoezi yatakuwa mazuri.

Jioni ya kwanza mvua ikashuka. Tukuyu, mji wa hapo Rungwe, na mvua mnajua wenyewe, sehemu chache nchini zinapata nyingi kama ile. Kazi yetu ilikuwa kuwasha moto. Kundi zima kiberiti kimoja, kuni tuliokota zimelowa, moshi unatutoa machozi na njiti zinaisha. Hapo ndipo akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, anakwenda kwake kwa njia anayoipita siku zote. Tukamwamkia. Akaitikia, akatuangalia, akasema, "Wanangu, huo moto mnaunywesha maji."

Akatua mzigo. Akaenda kwenye mgomba uliokuwa pembeni, akaingiza mkono chini ya yale majani makavu yanayoning'inia, akayaacha ya juu yaliyolowa na kuvuta ya ndani. Yalikuwa makavu, yanalia mkononi. Akaomba panga. Akachukua ukuni wetu ule ule tulioukatia tamaa, akaupasua katikati, akauchonga kwa ndani vipande vyembamba vinavyojikunja. Ukuni umelowa ganda tu, moyo wake mkavu. Sisi tumeinama tunamtazama, hakuna anayeongea. Somo nililolipia lilikuwa linafanyika mbele yangu, na aliyekuwa analitoa hakuwa kwenye ratiba.

Kiongozi akatokea na koti lake la mvua. Shikamoo hakutoa. Alisema hivi: "We mama, hapa kuna watu wamelipa. Pita njia yako, unatuharibia mchezo."

Bibi akasimama. Akasema, "Haya, baba." Akatafuta mtu wa kumtwisha mzigo wake, na kiongozi amesimama pale pale mikono mfukoni. Dada mmoja aliyetoka Makambako ndiye aliyekwenda kumtwisha.

Subirini, haijaisha. Bibi hajafika hata mbali, kiongozi akaenda kwenye gari, akarudi na chupa ya plastiki, akamimina mafuta ya taa kwenye kuni zetu! Moto ukaruka, akapiga makofi, akasema "kundi limefaulu". Viazi tulivyochoma usiku ule vilinuka mafuta ya taa hadi ndani. Nauliza kwa uchungu kabisa: hao watu wa miaka elfu kadhaa mbele, wasio na miji wala magari, mafuta ya taa wanayatoa wapi? Na kama jibu ni chupa, mlituitia nini msituni?

Kuna jambo linaloniuma zaidi kwa sababu lilitokea mlima huo huo. Kipunji, yule kima wa mkia mrefu na nywele zilizosimama kichwani, sayansi ilimfahamu mwaka 2003 tu, akatangazwa 2005, na mwaka uliofuata akaonekana ni wa peke yake kiasi cha kupewa jenasi mpya, yaani kundi lake mwenyewe la kisayansi, iliyobeba jina la Rungwe. Watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia wawindaji wa vijiji vya hapo wakimtaja. Wenyeji walikuwa wanamjua na jina wamempa. Watafiti walikaa, wakasikiliza, ndipo wakaona. Huyu kiongozi wetu ameletewa mwalimu hadi miguuni, bure, na mvua inanyesha, akamfukuza.

Nisiwe mkorofi, siku ya pili ilikuwa nzuri. Kijana aliyepewa kututembeza ni mtoto wa pale pale na anajua kazi yake. Alituamsha kungali giza, akatukalisha kimya ukingoni mwa msitu, tukasikia mbega wakinguruma, mmoja anaanza huku, mwingine anajibu ng'ambo ya bonde. Wengine walilia, na mimi sikuwa mbali. Alituonyesha chemchemi inavyolindwa na miti inayoizunguka, na kwa nini mti fulani hawakati hata kama kuni zimeisha nyumbani. Kwa asubuhi ile peke yake nilishaamua nyota tatu, hata nne. Kijana huyu waandaaji wamwongezee mshahara.

Ila usiku wa mwisho kiongozi akasimama kutoa hotuba ya kuagana, akasema wanaomaliza misitu ni wanakijiji kwa sababu hawana elimu ya mazingira. Zile nyota nikazirudisha zote. Mtu aliyemwaga mafuta ya taa juu ya udongo wa watu! Elimu ya kuishi na ardhi imejaa huku nyanda za juu, ni kuiuliza tu. Wamatengo kule Mbinga wanachimba ngoro, yale mashamba ya mashimo, kwenye milima mikali, nyasi wanazipanga na kuzifukia, mashimo yanakamata mvua na udongo haukimbii. Iringa na Njombe wana vinyungu, bustani za penye unyevu bondeni, kiangazi kikikausha kila kitu wao wanachuma mboga. Hakuna aliyesubiri dunia iishe ndipo ajifunze.

Asubuhi ya kuondoka mimi na yule dada wa Makambako tuliulizia kwa bibi, tukaenda kumwomba radhi. Alitukaribisha jikoni. Juu ya mafiga kuna mahindi ya mbegu yamefungwa mafungu, meusi kwa masizi, moshi unayakausha na dumuzi, wale wadudu wa mahindi, hawayasogelei. Nje migomba, chini yake maharage, penye unyevu magimbi, samadi ya ng'ombe inakwenda kwenye migomba na majani ya migomba yanarudi kwa ng'ombe. Mbegu hanunui. Nilipomtajia tulicholipa kwa siku zile alidhani natania. Kuhusu yule kiongozi hakusema neno baya hata moja, akatufungia ndizi za njiani. Tulimwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na aibu imetujaa, ingawa kosa halikuwa letu.

Sasa nyota ngapi? Nimeandika moja, nikafuta, nikaweka mbili kwa ajili ya yule kijana, nikakumbuka ile "we mama" nikarudi kwenye moja. Inabaki moja. Lakini nawaambia waandaaji, na nasema kwa moyo: mpeni yule bibi siku nzima ya kufundisha, mlipeni kama mnavyojilipa nyinyi, halafu mwekeni yule mwenye koti la mvua akae chini asikilize. Mkifanya hivyo nitarudi kwa hela yangu na nitakuja na kidato cha tatu wote. Na ile nusu ya ada mliyosema mtanirudishia baada ya kulalamika, msinitumie mimi. Mpelekeeni yeye, na aliyemfukuza ndiye akaipeleke.