Fundi wa Kariakoo aliyekataa kung'arisha miwani yangu

Miwani yangu ya jua niliinunua kwa shilingi 180,000, na kwa muda wa miaka miwili nimeivaa karibu kila wiki nikiendesha gari kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, safari ambayo jua la alasiri humkaa dereva usoni kwa saa nzima na zaidi. Kioo cha kulia kilipata mkwaruzo mmoja mrefu siku niliyoitia mfukoni pamoja na funguo. Cha kushoto kilijaa mistari midogo ya kuzungukazunguka, na hiyo niliisababisha mwenyewe kwa mazoea ya kufuta vumbi kwa pindo la shati. Kivulini sikuona tatizo lolote, lakini jua liliponielekea, kila mstari ulishika mwanga wake, na barabara yote mbele yangu ikawa kama inatazamwa kupitia pazia jeupe.

Kabla ya kufika kwa fundi ninayemwandika hapa, duka moja la miwani mjini liliniuzia kichupa cha dawa ya kufuta mikwaruzo. Niliitumia kama nilivyoelekezwa, kwa kusugua taratibu kwa kitambaa laini. Mikwaruzo ilibaki, ila utando wa juu wa kioo ulianza kubanduka mabaka mabaka, ukimetameta kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Nasikitika kwamba muuzaji hakuniuliza hata kioo changu kimetengenezwa kwa kitu gani.

Karakana yenyewe iko Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi, katika chumba chembamba chenye meza moja, taa ya kuinamisha na mashine ya kuchongea lenzi. Mwenyewe ni mzee wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaichukua miwani na kuitazama chini ya taa kwa kuigeuza polepole, kisha akaniambia kwamba kung'arisha hatang'arisha.

"Mwanangu, mkwaruzo ni mtaro," alisema. "Ukitaka uondoke, ni lazima uushushe uso wote wa kioo mpaka ulingane na chini ya mtaro, na ukifika huko kioo chenyewe kimekwisha."

Hakuishia kwenye maneno. Alitoa lenzi kuukuu kwenye droo, akasugua nusu yake kwa dawa ya meno, ile tiba ambayo kila mtu mtaani ataitaja ukimwonyesha miwani iliyokwaruzika, akaisuuza, kisha akaishika juu ya karatasi ya daftari la hesabu. Kupitia nusu ambayo haikuguswa, miraba ya karatasi ilionekana imenyooka sawasawa. Kupitia nusu iliyosuguliwa, mistari ilipinda na ukungu mwepesi ukatanda juu yake. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia; hupunguza ukali wa kingo za mkwaruzo, na papo hapo huchimba maelfu ya mikwaruzo mipya isiyoonekana kwa macho na kuharibu utando. Nimesoma maelezo mengi kuhusu jambo hili, lakini hakuna lililoniingia kama karatasi ile ya miraba.

Vioo vyangu vilikuwa vya polikaboneti, plastiki nyepesi na ngumu kupasuka, ambayo ndiyo inayofaa kwa dereva kwa sababu haivunjiki vipande vyenye makali. Udhaifu wake ni kwamba uso wake ni laini, ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mgumu wa kuukinga. Utando huo ni mwembamba mno, na vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko utando wenyewe. Unapofuta miwani mikavu kwa shati, kanga au karatasi ya chooni, unalivuta lile vumbi juu ya kioo kama msasa.

Fundi alinishauri nibadilishe vioo vyote viwili, hata kama mkwaruzo mkubwa ulikuwa upande mmoja tu, kwa kuwa kioo kipya na cha zamani huwa havifanani rangi na jicho huchoka. Alitoza shilingi 70,000 kwa jozi ya polikaboneti ya polaraizi, yaani yenye kichujio kinachopunguza mng'ao unaoakisiwa na barabara, fremu ikabaki ileile. Naona ni bei ya haki, kwa sababu fremu ilikuwa nzima na kununua miwani nyingine ya ubora ule kungenigharimu zaidi ya mara mbili. Kwa mtu mwenye miwani ya shilingi 10,000 ya barabarani hesabu hiyo haimfai, na fundi huwaambia hivyo wateja waziwazi. Nilimsikia akimwambia kijana aliyenitangulia.

Kilichonifanya nimwamini ni vipimo. Aliviweka vioo vipya kwenye kifaa kidogo cha kupimia miale ya urujuanimno, nikaona mwenyewe kwamba hakuna kinachopita. Alinionyesha pia namna ya kuhakiki polaraizi kwa kuzungusha kioo mbele ya skrini ya kikokotoo chake, tarakimu zikafifia hadi zikapotea kabisa. Giza la kioo peke yake si kinga: kioo cheusi kisicho na kichujio cha urujuanimno huifanya mboni ipanuke na kupokea miale mingi zaidi. Alichagua giza la daraja la 3, linalopitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga, akanionya nisishawishike na daraja la 4, ambalo halifai kuvaliwa na dereva.

Kasoro zipo. Aliniahidi siku tatu, nikapata miwani siku ya saba, na simu yake haikupokelewa mara mbili nilipoulizia. Hakutoa risiti mpaka nilipoidai. Kioo cha kushoto kilikuwa kimelegea kidogo pembeni, nikairudisha kesho yake, akaipasha fremu moto na kuikaza bila malipo. Kitambaa alichonipa ni duni, chenye pindo la uzi mgumu, nami nilikiacha na kununua cha mikrofaiba.

Tangu hapo nimefuata maelekezo yake, na imetimu miezi minane bila mkwaruzo hata mmoja. Kwanza huipitisha miwani chini ya bomba ili vumbi litoke lenyewe, kisha huweka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ncha za vidole, hupaka pande zote mbili na kwenye maungio ya fremu, husuuza, na mwisho hukausha kwa kitambaa safi. Kitambaa nacho hufuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha mafuta. Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia siigusi, wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo huiharibu polikaboneti palepale. Nikitoka kuogelea Kigamboni huisuuza kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka.

Lililokuwa gumu kwangu kuliko yote ni kuacha kuiweka juu ya dashibodi. Gari likiegeshwa juani, plastiki hutanuka kuliko utando ulioifunika, na utando hupasuka nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Sasa kasha gumu linakaa kwenye kisanduku cha mlangoni, na miwani haitoki usoni pangu isipokuwa kuingia humo.

Wiki iliyopita nilimpelekea miwani ya dada yangu, iliyokwaruzika vibaya kuliko yangu. Mzee aliipapasa kwenye bawaba, akaona ufa, akanirudishia na kusema fremu ile haitahimili vioo vipya. Hakunitoza kitu.